Haki ya Jicho: Kahawa, Ubongo na Usiku wa Kibera na Kawangware

Kahawa ilifika Nairobi mikononi mwa watu wa dini. Mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamepanda mibuni huko Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893. Mwaka 1899, reli ilipokuwa inafika kwenye kinamasi kilichokuja kuwa mji mkuu, walifungua misheni ya St. Austin's na kupanda mibuni hapo pia. Hadi leo wakulima na wanunuzi wa kahawa huitaja mbegu ile kwa jina la misheni ya Wafaransa. Kanisa la St. Austin's liko Lavington, na Kawangware iko jirani kiasi kwamba vibarua, mayaya na walinzi wa Lavington huenda kazini kwa miguu.

Ng'ambo ya pili ya Ngong Road, Kibera ilianzishwa na watu wa dini nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, serikali ya kikoloni iliwapa askari Wasudani wa kikosi cha King's African Rifles mahali pa kuishi katika msitu uliokuwa hapo, na mwaka 1918 ikautangaza rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Walikuwa Waislamu, na walitoka upande wa Afrika ambako kahawa ya tangawizi ni kinywaji cha mgeni, cha harusi na cha msiba. Wajukuu wao, Wanubi wa Kibera, walingoja karibu karne nzima kabla ya kukabidhiwa hatimiliki ya ekari 288 mwaka 2017.

Upande wa Makina, ndani ya Kibera, baada ya sala ya Alasiri, muuzaji wa kahawa huweka birika juu ya jiko la makaa. Tangawizi iliyopondwa huelea juu, harufu ya iliki hutangulia, na vikombe vidogo visivyo na mkono husuuzwa ndani ya ndoo kabla ya kupewa mteja mwingine. Wengine hunywa wamesimama, wengine wamekaa kwenye fomu ya mbao. Hapo utamkuta mzee aliyetoka msikitini, kijana wa boda anayeanza zamu, na soja aliyevaa sare akielekea lindo. Kikombe ni kilekile, lakini kila mmoja ana sababu yake ya kukinywa, na katika sababu hizo ndimo lilimo swali la makala haya.

Swali la juujuu ni la kitabibu: je, kahawa inaujenga ubongo au inauharibu? Swali lililo chini yake ni la kidini na la kifalsafa, nalo limewashughulisha wanazuoni kwa zaidi ya miaka 500: mtu ana ruhusa gani ya kuufukuza usingizi ambao Muumba ameuweka mwilini mwake? Na katika mitaa kama Kibera na Kawangware, ambako usiku wa watu wengi umenunuliwa na wengine, kuna swali la tatu ambalo halijaulizwa kwa sauti ya kutosha. Macho yale yanayokeshwa na kahawa ni ya nani?

Masufi wa Yemen, katika karne ya 15, ndio wa kwanza kujulikana kwa hakika kuinywa kahawa kama tunavyoinywa sisi, na sababu yao ilikuwa ibada. Waliinywa ili wasisinzie katika dhikri za usiku. Kinywaji kile kilipotoka kwenye zawia, nyumba zao za ibada, na kuingia sokoni, wakuu waliingiwa na hofu. Mwaka 1511 huko Makka, Khair Beg, mkuu wa Kimamluki aliyesimamia soko na maadili, aliwakusanya wanazuoni na waganga, akapata fatwa ya kuharamisha kahawa, na gunia kwa gunia ikachomwa moto. Hoja zilizotolewa zilikuwa mbili. Moja ilisema kwamba kahawa inabadilisha akili, hivyo ni sawa na kileo. Nyingine ilisema kwamba inadhuru mwili. Marufuku haikudumu, Cairo haikuiunga mkono kikamilifu, na watu wakarudi kwenye vikombe vyao. Karibu mwaka 1558, Abd al-Qadir al-Jaziri aliandika risala nzima kuitetea, na mengi tunayoyajua kuhusu mabishano hayo yanatoka kwake.

Kinachovutia katika kesi ile ni kwamba pande zote mbili zilikubaliana juu ya msingi. Akili ni amana. Kitu kinachoiondoa ni haramu, kitu kinachoizindua kwa ajili ya ibada kinaweza kuwa kheri. Ubishi ulikuwa juu ya ukweli wa mambo: kahawa inaifanyia nini akili? Wanazuoni wa 1511 hawakuwa na maabara. Walikuwa na ushuhuda wa wanywaji na wa waganga, na kila upande ulichagua mashahidi wake. Leo maabara zipo, na hukumu ya kwanza inatoka wazi kabisa. Kahawa hailevyi. Haiondoi akili wala haimfanyi mtu apoteze kujitawala. Kwa hoja hiyo ya kwanza, Khair Beg alikosea.

Wakristo nao wana kesi yao, na katika Kibera na Kawangware inasikika zaidi kuliko ile ya Makka. Kanisa la Waadventista Wasabato liliingia Kenya mwaka 1906, lilipoanzisha misheni Gendia, kando ya Ziwa Victoria, na kutoka huko likaenea Nyanza na Kisii. Wajaluo na Wakisii walipohamia Nairobi walikuja na kanisa lao, na pamoja nalo mafundisho ya afya ya Ellen White, mwandishi Mmarekani ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu uponyaji aliiweka chai na kahawa katika sura moja na tumbaku na pombe. Alifundisha kwamba kichangamsho huuchochea mfumo wa fahamu, humpa mtu nguvu isiyo yake, kisha mwili hulipa kwa uchovu wa kiasi kilekile. Ndiyo maana katika ploti moja ya mabati unaweza kukuta nyumba moja inachemsha chai ya maziwa mara tatu kwa siku na nyumba ya pili inakunywa uji na maji ya moto yenye limau, na mpaka kati yao ni wa imani.

Wengi humcheka mama wa nyumba ile ya uji. Hawatendi haki. Katika jambo moja muhimu, mafundisho anayoyafuata yanakaribiana sana na yale ambayo sayansi ya ubongo imekuja kuyathibitisha.

Ubongo unapofanya kazi, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ndani yake saa baada ya saa. Hujishikiza kwenye vipokezi vya seli, na kadiri inavyozidi ndivyo mtu anavyolemewa na usingizi. Kafeini ina umbo linalofanana nayo. Huingia kwenye vipokezi vile na kuvikalia bila kuleta usingizi, adenosini ikabaki nje bila pa kukaa. Lakini haiondoki. Inaendelea kuongezeka, na kafeini inapoisha, yote huingia kwa pamoja. Mkazi wa Nairobi anaijua hali hii kwa jina jingine: ni Fuliza, mkopo wa papo hapo wa simu. Umelipia bidhaa kwa pesa ambayo huna, simu imekubali, umeondoka dukani. Siku mshahara unapoingia, wa kwanza kukatwa ni mkopo.

Hapa ndipo Ellen White alipoona sawasawa. Alipopitiliza ni katika kuuona mkopo wenyewe kuwa uharibifu. Tafiti kubwa zinazowafuata watu kwa miaka mingi hazionyeshi kwamba mnywaji wa kiasi huuharibu ubongo wake, na baadhi zinaelekea upande wa pili. Huko Honolulu, wanaume 8,004 wenye asili ya Japani walifuatiliwa kwa takriban miaka 30, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000: wasiokunywa kahawa walipata ugonjwa wa Parkinson karibu mara tano ya waliokuwa wakiinywa kwa wingi. Huko Finland, mojawapo ya nchi zinazoongoza duniani kwa unywaji wa kahawa kwa kila mtu, utafiti uliotolewa mwaka 2009 uliwafuata watu 1,409 tangu umri wa kati hadi uzeeni. Waliokuwa wakinywa vikombe vitatu hadi vitano kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kupatwa na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ule ambao madaktari huuita dimensia. Tofauti ilikuwa asilimia 65 ikilinganishwa na waliokunywa kidogo sana.

Kisha mwaka 2021 ukaja utafiti uliotumia kumbukumbu za afya za Waingereza. Watu 17,702 walipigwa picha za ubongo. Waliokunywa zaidi ya vikombe sita kwa siku walikuwa na ubongo wenye ujazo mdogo, na uwezekano wao wa kupata dimensia ulikuwa juu kwa asilimia 53 kuliko wa waliokunywa kimoja au viwili.

Msomaji asizichukue takwimu hizi kama cheti. Tafiti za namna hii huonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, na si lazima moja liwe chanzo cha jingine. Huenda anayekunywa vikombe sita anavinywa kwa sababu halali vizuri, na kukosa usingizi ndiko kunakomdhuru. Huenda mtu ambaye ubongo wake unaanza kuugua Parkinson hupoteza hamu ya kahawa miaka mingi kabla ya mkono kuanza kutetemeka. Kinachoweza kusemwa kwa uaminifu ni hiki: kwa mtu mzima mwenye afya, vikombe vichache kwa siku havionekani kuudhuru ubongo, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, mwaka 2015, iliweka mpaka wa miligramu 400 za kafeini kwa siku, yaani kama vikombe vinne vya kawaida. Kwa mjamzito mpaka ni 200.

Kuna orodha nyingine inayostahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila kanisa na msikiti mitaani. Mwaka 2024, jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ambayo kwa pamoja yanahusishwa na karibu asilimia 45 ya visa vya dimensia duniani. Kahawa haimo. Yamo elimu duni ya utotoni, shinikizo la damu, kisukari, pombe nyingi, majeraha ya kichwa, upweke na hewa chafu. Mtu anayeishi Gatwekera huko Kibera au Gatina huko Kawangware na kusoma orodha hiyo anausoma mtaa wake. Moshi wa makaa na mafuta ya taa ndani ya chumba kimoja chenye dirisha dogo. Kijana wa boda asiye na helmeti, na abiria wake naye hana. Shinikizo la damu ambalo mtu halijui mpaka siku anapoanguka. Mhubiri anayetaka kuulinda ubongo wa waumini wake angeanzia hapo, na kikombe cha kahawa angekifikia mwisho kabisa.

Orodha ile pia inakigeuza kikombe kuwa kitu cha heshima kwa upande mmoja. Upweke umo ndani yake. Fomu ya mbao ya muuzaji wa kahawa wa Makina ni mahali ambapo mzee asiye na kazi wala mke husalimiwa kila jioni, huulizwa habari za mguu wake, hubishana kuhusu Gor Mahia na uchaguzi. Asipoonekana siku mbili, mtu hutumwa kwake. Khair Beg aliyaogopa makutano ya wanywaji kahawa; daktari wa leo angeyaandikia watu kama dawa.

Jambo la chakula linahitaji kusemwa pia, kwa kuwa linawagusa watoto. Mwaka 1983 watafiti walipima kiasi cha madini ya chuma ambacho mwili hukipata kwenye mlo, wakaona kikombe kimoja cha kahawa kilichonywewa pamoja na chakula kilipunguza kiasi hicho kwa asilimia 39. Chai ilipunguza kwa asilimia 64. Kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya kula haikuwa na athari hiyo. Kwa mtu anayekula nyama kila siku hii ni habari ndogo. Kwa familia ambayo chuma chake kinatoka kwenye sukuma wiki na maharagwe, ni habari kubwa, maana ubongo wa mtoto wa miaka miwili hujengwa kwa chuma, na upungufu wa wakati huo huacha alama darasani miaka mingi baadaye. Chai ya rangi na mkate ndio mlo wa asubuhi wa watoto wengi wa mitaa hii, na wazazi hawajaambiwa. Mama wa uji amewatangulia wengi katika hili bila kuhitaji utafiti wowote.

Lakini swali la usingizi ndilo lenye uzito, na halieleweki bila kumfuata soja mpaka nyumbani.

Zamu ya usiku kwa walinzi wengi wa Nairobi huanza saa kumi na mbili jioni na kwisha saa kumi na mbili asubuhi. Lango la Lavington au Kilimani lina kibanda, kiti cha plastiki, na baridi ya mwezi wa saba. Saa kumi alfajiri ndiyo saa ngumu kuliko zote. Mwili umeshuka joto, macho yanauma, na msimamizi wa kampuni anaweza kupita wakati wowote na pikipiki kukagua nani amelala. Soja anamimina kikombe cha mwisho kutoka kwenye themosi. Anafaulu. Anafungua lango saa kumi na mbili, anampisha mwenzake, anatembea kwa Gitanga Road mpaka Kawangware, anafika, ananywa kitu, anajilaza saa tatu asubuhi. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua kwa nusu katika damu ya mtu mzima. Nusu ya kikombe cha saa kumi bado inamzunguka. Jua limeanza kuyachoma mabati, redio ya jirani imewashwa, watoto wa ploti wanacheza mlangoni, fundi anagonga chuma. Anapata saa nne za usingizi uliokatikakatika, na saa kumi jioni anaanza kujiandaa tena. Usiku huo atahitaji vikombe viwili.

Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2013 kwamba miligramu 400 za kafeini, hata zikinywewa saa sita kabla ya kulala, hupunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Soja wetu hana zile saa sita. Na usingizi ndio wakati ambapo ubongo hupanga kumbukumbu za siku, hutuliza hisia na kuipumzisha presha ya damu. Jopo la Lancet halikuuweka usingizi katika mambo yale 14, kwa kuwa ushahidi wake kuhusu dimensia bado unajadiliwa. Ila hakuna anayejadili kinachotokea mapema zaidi: mtu anayelala saa nne kwa miezi huwa msahaulifu, mwepesi wa hasira, mzito wa kuamua, na hatari barabarani.

Sheria inasemaje? Kanuni za jumla za mishahara nchini Kenya zinaweka wiki ya kawaida ya kazi isizidi saa 52. Kwa mfanyakazi wa usiku, kanuni hizohizo zinaruhusu saa 60. Mtu anayefanya kazi wakati mwili wake unadai kulala ameongezewa saa nane badala ya kupunguziwa. Na zamu ya saa 12 kwa siku sita inafika saa 72.

Sasa turudi kwa wanazuoni, tukiwa na kitu cha kuwauliza. Katika mapokezi mashuhuri yaliyomo katika Sahihi ya Bukhari, Abdallah bin Amr alikuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, na Mtume alimzuia akimkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake, jicho lake lina haki, na mkewe ana haki. Maimamu wengi huyatumia mapokezi hayo kuwaonya wacha Mungu wanaojitesa. Ni nadra kuyasikia yakitajwa kwa ajili ya mlinzi. Lakini mantiki yake haiwezi kuishia kwa mwenye ibada. Ikiwa mtu mwenyewe, kwa kumpenda Mungu, haruhusiwi kulinyang'anya jicho lake usingizi wote, mtu mwingine anaruhusiwaje kulinyang'anya kwa mshahara?

Maandiko ya Wakristo yanafika palepale kwa njia nyingine. Zaburi ya 127 inaona ni bure kwa mtu kuamka mapema na kuchelewa kulala akihangaikia mkate, na inautaja usingizi kuwa zawadi. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inakwenda mbali zaidi. Inamtaja mtumwa, mjakazi na mgeni aliye malangoni, na inatoa sababu: wapate kupumzika kama bwana wao. Mgeni aliye malangoni! Nairobi ina maelfu ya watu hao, na kazi yao ni lango lenyewe. Waadventista wa Kawangware wameishika Sabato kwa uaminifu unaostahili heshima, wengine wakipoteza vibarua kwa kukataa kufanya kazi Jumamosi. Amri waishikayo inamdai pia tajiri anayeajiri.

Kuna kukesha kwa hiari, na kukesha huko hakuhitaji kuonewa shaka. Ijumaa usiku, makanisa ya mabati ya Kawangware na Kibera hujaa watu wa kesha. Wanaimba, wanaomba, wanashuhudia mpaka alfajiri, na nyuma ya kanisa akina mama wana sufuria ya chai au kahawa kwa wanaosinzia. Masufi wa Yemen wangejiona nyumbani. Wapo wanaosema kesha la kahawa limepungukiwa thawabu, kwa sababu sadaka ya usingizi imepoteza uchungu wake. Hoja hiyo ina kasoro. Anayekesha kwa maombi anatafuta kuwa macho mbele ya Mungu, na maumivu ya kope hayana thamani yenyewe kwa yenyewe. Tena anakesha usiku mmoja, kisha Jumamosi analala. Tofauti kati yake na soja haiko kwenye kikombe. Mmoja ametoa usiku wake, na mwingine ametolewa.

Atatokea wa kupinga: soja alisaini mkataba, anahitaji karo ya watoto, na bila kahawa angefukuzwa. Ni kweli tupu. Ndiyo maana kumhubiria aache kahawa ni ukatili. Kahawa ndiyo rafiki pekee aliye naye saa kumi alfajiri. Wanafalsafa tangu Kant wamesisitiza kwamba binadamu asitumiwe kama chombo tu cha lengo la mwingine, na ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi ya mtu anayelipwa awe jicho la nyumba ambayo wenyewe wamelala. Hoja si kwamba kazi ya ulinzi ni aibu. Ni kazi ya heshima, na zaburi zinamtaja hata Mungu kuwa mlinzi. Kinachokosewa ni mpango unaomchukulia mtu kama jicho lisilofumba, kisha ukaliachia birika la kahawa lifidie tofauti.

Yako mambo ambayo viongozi wa dini wanaweza kuyafanya bila kungoja Bunge. Mwezi wa Shaaban, maimamu wa Kibera wawaambie wanywaji wa kahawa nyingi wapunguze kikombe kimoja kila siku chache kabla ya Ramadhani. Kichwa kinachowauma wengi siku za mwanzo za saumu kimechunguzwa na madaktari, na sehemu kubwa yake ni mwili unaodai kafeini. Anayeipunguza polepole hufunga kwa utulivu zaidi, na anayeinywa wakati wa daku anajinyima usingizi wa baada ya Alfajiri. Wachungaji wawaambie akina mama watenganishe chai na mlo wa mtoto. Wote wawaambie wanywaji wangoje kikombe kipoe kidogo: shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza mwaka 2016 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa kahawa yenyewe huleta saratani, ila vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 vina uwezekano wa kuleta saratani ya umio, ugonjwa ambao Kenya inaufahamu vizuri mno. Na wanayesali naye akiwa soja, wamwambie ahamishe kikombe chake cha mwisho kutoka saa kumi alfajiri hadi saa sita usiku, na aombe kitambaa cheusi cha kuziba dirisha mchana.

Lililo kubwa linabaki kwa waajiri, na wengi wao huketi kwenye viti vya mbele vya makanisa na misikiti hiyohiyo. Zamu za saa nane zinawezekana. Hospitali na viwanda huziendesha. Mapumziko ya nusu saa ya kulala katikati ya usiku yanawezekana palipo na walinzi wawili. Kampuni ya ulinzi inayoshindania zabuni kwa bei ya chini kabisa inauza usingizi wa watu wake, na mwenye nyumba anayeichagua kwa sababu ya bei hiyo ndiye mnunuzi. Ewe msomaji unayeajiri mlinzi wa usiku Lavington, Kilimani au Woodley, muulize leo jioni anapoingia zamu: jana ulilala kwa saa ngapi? Kisha upange zamu yake ijayo kufuatana na jibu atakalokupa.